Pumzi ya Mbiu ya Tatu

Phandeo aliamka siku hiyo akaijaribu sauti yake kabla hajafunua blanketi. Ikatoka kama bawaba yenye kutu. Akanyamaza, akasikiliza kama kuna aliyemsikia.

"Nimekusikia," akasema binti yake kutoka mekoni. "Tangawizi iko kwenye kikombe cha mwanzi, hapo kichwani pako. Kunywa. Na usijaribu tena, baba. Iache ilale mpaka jioni."

Chonbeni alikuwa ameolewa kijiji cha mbali, amerudi wiki mbili kabla kwa ajili ya sikukuu. Hakuwa na haja ya kueleza amerudia nini hasa. Alikuja, akafagia, akashusha nyama iliyokaushwa juu ya moto, akaikagua, akairudisha.

Mpunga ulikuwa umeshaingia ghalani. Milimani kulibaki mabua tu, na moshi. Tokhu Emong, sikukuu ya mavuno ya sisi Walotha wa milima hii, ilikuwa inaanza jioni hiyo, na kuanza kwake kulikuwa kooni mwa Phandeo. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga mbiu wa kijiji, kama baba yake kabla yake. Mbiu kwetu haipigwi kwa pembe. Hupigwa kwa pumzi ya mtu.

Jua likikaribia mgongo wa mlima, mpiga mbiu anatoka. Mbiu ya kwanza anaipiga mbele ya nyumba ya kuhani. Ya pili mbele ya bweni la vijana. Ya tatu langoni, jua likigusa mlima, na hiyo ndiyo inayowaita kwa majina waliokufa ndani ya mwaka. Pumzi ya mbiu ya tatu ikikatika, mti wa lango unashushwa. Aliye ndani yu ndani mpaka sikukuu iishe, hata awe mpita njia aliyeingia kuomba maji. Aliye nje yu nje, hata awe mtoto wa kuhani. Mbiu ikiwahi, mpunga unaoza. Ikichelewa, panya wanaufuata. Phandeo hakuwahi kuiwahisha wala kuichelewesha. Kuna waliomheshimu kwa hilo, na kuna waliomchukia kwa hilo hilo.

Mwaka huo nyumba yake ilikuwa na msiba.

Mkewe alikufa wakati wa mvua, siku za kupalilia. Alirudi shamba na kapu mgongoni, ukanda kipajini, akasema kichwa kinamwelemea, akalala. Walimzika mbele ya nyumba, kama desturi. Tangu siku ile Phandeo hakuwahi kulitaja jina lake. Akitaka kumtaja alisema "mama Chonbeni", au alionyesha kwa kidevu kule kaburini.

Sasa, aliyekufa haondoki mara moja. Anakaakaa. Utamkuta ghalani, utamkuta mekoni upande aliozoea kukaa. Sikukuu ya mavuno ikifika ndipo anapewa tonge lake la mwisho, wali mpya na nyama ya nguruwe, ashike njia ya mlima Tiyi walikotangulia wenziwe. Lakini mdomo hana tena. Tonge lile linaliwa kwa niaba yake na mtu aliyenyonya naye ziwa moja, na linaliwa jioni ileile ya mbiu, si kesho yake. Lisipoliwa, anabaki. Mwaka mzima mwingine anabaki, hayuko kwao, hayuko kwake, akisimama nyuma ya watu wanaokula.

Na katika wote walionyonya ziwa lile, alibaki mmoja tu. Zuchamo, kaka wa marehemu, wa kijiji cha ng'ambo ya mto Doyang. Na Zuchamo hakuwa amekanyaga ndani ya nyumba ya Phandeo tangu nywele zao wote wawili zikiwa nyeusi.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mama yake Zuchamo alikuwa amefia kwa bintiye, mkewe Phandeo, humu humu kijijini. Sikukuu ilipofika, Zuchamo akaja na mguu wa nguruwe kapuni, uwe nyama ya tonge la mwisho la mama yake. Akafika mti wa lango umeshashuka. Alikuwa karibu kiasi cha kuuona ukishuka. Akaita, "Shemeji! Fungua, mimi hapa!" Phandeo akamjibu neno moja: "Imeshalia." Mjomba wao mzee ndiye aliyekula tonge, kwa nyama ya nyumba nyingine. Zuchamo akaufunga ule mguu wa nguruwe kwenye nguzo ya lango, kwa nje, akaondoka. Ukakaa pale sikukuu nzima, kunguru wanaudonoa, na mkewe Phandeo akipita hapo kila siku kuuangalia.

Miaka yote iliyofuata mama Chonbeni aliuvuka mto peke yake kwenda kumwona kaka yake. Alirudi na magimbi, akarudi na pilipili, lakini salamu hakurudi nayo hata moja. Zuchamo alikuja kwenye mazishi, maana kifo hakizuiwi na lango. Akatupa udongo, akageuka, akaenda zake. Hata maji hakunywa.

Kwa hiyo wiki iliyopita Chonbeni ndiye aliyetumwa kwa mjomba wake. Akarudi na jibu, akalitoa akiwa amempa baba yake mgongo, anachochea moto.

"Amesema atakuja."

"Amesema hivyo?"

"Amesema, 'Mwambie baba yako nitakuja jua likiwa pale lilipokuwa siku ile.'"

Phandeo hakuuliza siku ipi.

* * *

Asubuhi kuhani alipita nyumba kwa nyumba kukusanya mpunga wa sikukuu. Mzee Ramongo, mwembamba, masikio makubwa, kijana wake nyuma na kapu. Kila nyumba inatoa kwa mkono wake, na hakuna anayenyima, maana anayenyima mpunga ule huishia kuomba. Phandeo akachota, akamimina. Akachota tena, akamimina.

Kuhani akaitazama ile konzi ya pili.

"Bado yumo?"

"Bado yumo."

"Mpaka leo jioni."

"Mpaka leo jioni."

Kuhani hakuondoka. Akazungusha fimbo yake udongoni. "Nimesikia jibu la shemeji yako. Kijiji kizima kimelisikia, mwanao ana sauti yako. Phandeo, jua si langu na si lako."

"Najua."

"Nakwambia tu."

"Nimesema najua."

Mchana akapita nyuma ya bweni walikokuwa wanamkata nguruwe. Tsansao, rafiki yake wa tangu utotoni, alikuwa na damu mpaka viwikoni na anacheka. Tsansao ndiye mshika kamba ya mti wa lango. Akamvuta pembeni, akimpaka damu kwenye shuka.

"Sikiliza, bwana. Unafika langoni, unafungua mdomo, unakohoa. Unakohoa tena. Mtu mzee akikohoa nani atamshitaki? Huku shemeji anapanda ngazi."

"Na mpunga?"

"Mpunga una masikio? Utajuaje kama ni kikohozi cha kweli?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa anaosha utumbo hapo akainua kichwa. Jina lake Nrilo, mjane, ulimi wake unajulikana. "Utasikia," akasema. "Masikio ninayo mimi. Mwanangu alibaki nje mwaka mmoja akiwa na mzigo wa kuni za nyumba yako wewe mpiga mbiu. Alilala kwenye kibanda cha shamba sikukuu nzima anatafuna mahindi makavu. Nikaja kulia mlangoni kwako, baba Chonbeni. Uliniambia nini?"

Phandeo akafuta damu kwenye shuka lake.

"Uliniambia, 'Imeshalia.' Basi leo na sisi tutakuja langoni kusikiliza. Kohoa tuone."

"Dada, osha utumbo," akasema Tsansao.

"Naosha. Na masikio nimeshaosha."

Phandeo akaenda zake. Kifuani alihisi kile kitu kilichoanza tangu mvua, kama unyoya umekwama na haushuki wala haupandi. Ujanani mwake, pumzi yake ilikuwa inasemwa mpaka vijiji vya jirani. Alikuwa akisimama shambani kwake upande huu wa bonde na kupiga ukelele mmoja, na watu wa upande wa pili wakaacha majembe. Mmoja wa walioacha jembe alikuwa msichana wa ng'ambo ya mto. Baadaye sana, wakiwa wameshazaa, alimwambia: "Nilikuwa nasimama na kapu mgongoni nasubiri imalizike ndipo nitembee. Kiuno hiki unachokisikia kinauma, umekiharibu wewe." Akawa anamwambia hivyo kila msimu wa baridi, kila alipomwomba amkande.

* * *

Jua lilipoanza kulala, Chonbeni alikuwa wa kwanza kumwona.

"Baba. Ng'ambo."

Kwenye kilima cha upande wa pili, palipo na njia nyeupe iteremkayo mtoni, kulikuwa na doa jekundu. Shuka la mtu mzima aliyevaa kwa sikukuu. Lilikuwa linashuka.

"Anakuja," akasema Chonbeni. "Anakuja, baba!"

Lilikuwa linashuka polepole mno. Likasimama. Likashuka tena. Phandeo akaangalia doa, akaangalia jua, akaangalia doa.

"Mguu unamuuma?"

"Wiki iliyopita alikuwa anapasua kuni."

Likavuka daraja la mtoni. Likapotea kwenye mianzi. Watu walikuwa wameanza kukusanyika langoni, wanaume na mashuka yao, wanawake na watoto migongoni, na Nrilo mbele kabisa, amekaa juu ya jiwe kama mtu aliyekuja kununua. Doa likatokea tena huku chini, kwenye ngazi za mawe, sasa si doa bali mtu, na kila mtu akaona ni Zuchamo, na kapu mgongoni.

Akafika penye kona, palipo na jiwe pana la kupumzikia, mahali unapoliona lango na lango linakuona. Akatua kapu. Akakaa. Akatoa kiko chake, akakijaza tumbaku.

Langoni watu wakatazama jua.

Mpiga mbiu siku hiyo hatoki nje ya lango. Hiyo nayo ni sheria. Chonbeni hakungoja kuambiwa, akapandisha nguo yake magotini, akashuka zile ngazi mbio. Wakamwona anapiga magoti mbele ya mjomba wake. Wakamwona mjomba anavuta kiko. Akarudi anahema, uso umelowa.

"Anasemaje?" akauliza Phandeo.

"Anasema hajachoka. Anasema pale alipo ni pazuri." Akajifuta. "Anasema anaisubiri mbiu. Anasema ana hamu ya kuisikia tena, aone kama ni ileile."

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja kugusa mlima. Phandeo akageuka, akapanda kijijini kufanya kazi yake.

Mbiu ya kwanza, mbele ya nyumba ya kuhani, ilitoka imepasuka. Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi. Mbiu ya pili, mbele ya bweni, ilikuwa fupi, na vijana wakatazamana. Alishuka kwenda langoni, kuhani akimfuata nyuma. Sauti alikuwa hana. Na ile iliyobaki, ndani yake ilibidi litoke jina.

Tsansao alikuwa ameshika kamba. "Kohoa," akanong'ona.

"Nyamaza."

Jua likagusa mlima.

Mara hii alivuta pumzi taratibu, kwa pua, kama baba yake alivyomfundisha, akalijaza tumbo kwanza ndipo kifua. Ule unyoya ukasogea, ukatulia. Akafungua mdomo.

Akamwita mzee wa ukoo wa juu aliyekufa kwa homa. Jina likatoka. Akakiita kitoto cha mama mmoja wa karibu na kisima, na mama yule akaitika kwa kilio, akanyamazishwa. Likabaki moja. Phandeo akavuta pumzi ya mwisho, akamtazama yule mtu kwenye jiwe na moshi wa kiko chake.

"Mhalo," akaita. "Mhalooo—"

Akalishika.

Sheria inasema pumzi ikikatika. Haisemi ikatike lini. Hakuna aliyewahi kulifikiria hilo, maana nani huwa na sababu? Wapiga mbiu huita jina, humaliza, huenda kula. Phandeo aliliita jina la mkewe na hakulimaliza. Lilitoka likavuka ngazi, likavuka mianzi, likapiga kilima cha ng'ambo likarudi, na yeye akaendelea kulitoa.

Kwenye jiwe, Zuchamo alikuwa amekaa. Kiko mdomoni. Langoni watu wakaanza kuelewa, mmoja mmoja. Tsansao akaizungusha kamba mkononi mara mbili, isije ikateleza. Nrilo alisimama.

Kiko kikatoka mdomoni mwa Zuchamo. Akawa ameshikilia tu, mkono uko hewani, kichwa kimeinama upande kama mtu anayeitwa na hajui ni nyumba ipi. Jina lilikuwa bado linakwenda. Hakuna aliyewahi kulisikia hivyo. Lilikuwa limechanika pembeni, kama nguo kuukuu, lakini lilikuwa linakwenda.

Akasimama. Akaacha kapu.

Akaanza kupanda.

"Mjomba!" akapiga kelele Chonbeni. "Mjomba, kimbia!"

Zuchamo alikuwa mzee pia. Ngazi zile ni za mawe na hazilingani. Alipanda akishika magoti kwa mikono, shuka linamtoka begani, na Phandeo akamwona akija lakini pembeni mwa macho kulishaanza giza. Kifua kilikuwa kinawaka. Ule unyoya ulikuwa umegeuka kisu. Akabana tumbo, akatoa kilichokuwa chini, akatoa kilichokuwa chini ya hicho. Sauti ikawa nyembamba. Ikawa uzi. Halafu haikuwa sauti tena, ilikuwa hewa tu yenye umbo la jina, na watu wakainama mbele kuisikia, na hata Nrilo alikuwa na mkono sikioni na machozi mashavuni na anasema huku ameuma meno, "Bado. Bado inalia. Naisikia. Bado."

Mkono wa Zuchamo ukashika nguzo ya lango. Mguu mmoja ukaingia. Wa pili ukaingia.

Pumzi ya Phandeo ikakatika, akaangukia mikono.

Tsansao akaachia kamba. Mti ukaja chini kwa kishindo, ukabana ncha ya shuka la Zuchamo dhidi ya jiwe la kizingiti. Mwenyewe ndani, pindo la shuka nje.

Watu wakasogea kuangalia.

"Nguo yake iko nje," akasema kijana mmoja.

Wote wakamgeukia kuhani. Mzee Ramongo akaliangalia shuka, akaangalia mlima ambao jua lilikuwa limeshaukalia, akakuna sikio lake kubwa.

"Nguo haili wali," akasema. Akageuka, akaondoka.

Zuchamo akalivuta shuka mara moja, mbili, likachanika. Akasimama mbele ya shemeji yake aliyekuwa bado chini, wote wawili wanahema kama ng'ombe waliopandishwa mlima.

"Sauti yako imeharibika," akasema. "Kama mbuzi anayechinjwa na mtu asiyejua."

Phandeo akainua mkono. Zuchamo akautazama ule mkono kwa muda. Kisha akaushika, akamvuta juu.

* * *

Nyumbani Chonbeni alikuwa ameshapakua. Wali mpya, nyama ya nguruwe kwa machipukizi ya mianzi. Akaufungua mlango wa mbele, unaotazama kaburi, akauacha wazi kama inavyotakiwa. Baridi ikaingia.

Zuchamo alikaa upande wa pili wa meko. Ule upande mwingine, wa karibu na kuni, aliozoea mama Chonbeni, haukukaliwa na mtu.

"Siku ile," akasema Zuchamo, anaangalia moto, "ungeshika pumzi hivi ningeingia."

"Siku ile," akasema Phandeo, na sauti ilikuwa mnong'ono tu, "ulikuwa unatembea."

"Nilikuwa na mguu wa nguruwe mgongoni!"

"Ungeutupa. Leo umetupa kapu."

Zuchamo akasukuma kuni motoni. Kitu kama kicheko kikampitia mabegani. "Kapu langu," akasema. "Lina samaki wakavu mle. Litalala nje mpaka sikukuu iishe."

"Kunguru watashukuru," akasema Chonbeni, na ndipo akalia.

Phandeo akafinyanga tonge kwa mkono wake. Wali, kipande cha nyama chenye mafuta kidogo, kama alivyokuwa akipenda marehemu. Akampa shemeji yake mkononi. Zuchamo akaliita jina la dada yake mara moja, kwa sauti ndogo, akatia tonge mdomoni.

Akatafuna.

Hapo ndipo Phandeo alipoona kitu ambacho tangu wiki iliyopita hakuwa amepata nafasi ya kukiona. Alikuwa amehangaika jinsi ya kumwingiza mtu huyu langoni. Hakuwa amefikiria tonge likishuka nani anaondoka.

"Taratibu," akasema.

"Nini?"

"Tafuna taratibu."

Zuchamo akamtazama. Akatafuna taratibu, kama alivyoombwa, akatafuna mpaka ikawa dhahiri kwamba mdomoni hamna tena cha kutafuna, na bado hakumeza. Akakaa hivyo na mashavu yake, mzee mzima, macho kwa shemeji yake, anangoja kuambiwa.

Moto ukalia. Phandeo akaangalia pale pa karibu na kuni. Akapaangalia sana.

Kisha akainamisha kichwa, na Zuchamo akameza.